Diski Ikigeuka Bluu, Usikimbilie Msasa

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza ufundi pale Uyole, Mbeya, niliachiwa pikipiki ya bodaboda ambayo diski yake ya breki ya mbele, ile sahani ya chuma inayobanwa ukishika breki, ilikuwa imegeuka bluu, rangi ileile inayokaa kwenye shingo ya ekzozi. Mwenyewe alitaka "ipendeze". Nikachukua msasa, nikasugua karibu nusu saa, diski ikang'aa kama sufuria jipya, nikapokea hela. Jioni hiyohiyo akashuka kutoka Isongole kuelekea Kiwira na abiria mmoja na mfuko wa mbolea wa kilo 50. Katikati ya mteremko akavuta mkono wa breki ukaingia mpaka ukagusa usukani, haukushika kitu. Akaishia kwenye matuta ya viazi ya watu. Hakuna aliyeumia, ila asubuhi nilimkuta kakaa kwenye benchi letu kabla hata fundi wangu hajafika, na mbolea ameikung'utia kwenye kiroba. Sijasugua bluu tena tangu siku hiyo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, maana naona kosa lile bado linafanyika kila kijiwe cha ufundi.

Bluu si uchafu. Chuma kikipata moto hujenga juu yake utando mwembamba sana wa oksidi, na unene wa utando huo ndio unaoamua jicho lione njano, zambarau au bluu. Kwenye chuma cha kawaida bluu hutokea karibu na nyuzi 300 za Selsiasi. Lakini diski nyingi za pikipiki ni stenlesi, na kromiamu iliyomo huchelewesha utando: njano ya majani makavu huanza karibu na nyuzi 300, bluu yenyewe inakuja ukishapita 500. Kwa hiyo ukiona bluu kwenye diski ya stenlesi, jua pale palipita moto mkali kuliko unavyodhani. Na rangi haiondoki diski ikipoa. Inakuonyesha moto mkubwa kuliko wote uliowahi kupita, pengine mikononi mwa mwenye pikipiki wa zamani.

Moto unatoka wapi? Chukua pikipiki, dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 250. Kwa kila mita 100 za kimo unazoshuka, kama breki zinabeba kazi yote peke yake, joto linalozalishwa linatosha kupandisha diski ya kilo 1 kwa karibu nyuzi 490. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela iko karibu na 500, na ukitoka Uyole unapanda kwanza kabla hujaanza kushuka. Kinachookoa diski ni upepo na injini. Sasa dereva wetu anazima injini pale juu ili aokoe petroli, anateleza mpaka Kiwira! Petroli ameokoa kweli. Pedi, yaani vile vibao vinavyobana diski, na diski yenyewe atakuja kuzinunua kwako.

Ndiyo maana swali langu la kwanza halihusu spana: "Kaka, ule mteremko unaushukaje?" Muulize pia kama mguu wake hupumzika juu ya pedeli ya breki ya nyuma. Wengi hawajui kama wanakanyaga, ila taa ya nyuma ikiwaka muda wote, majirani wanajua. Mwambie gia aliyopandia mlima ndiyo ashukie, na abane breki kwa vipindi, abane aachie, badala ya kuishikilia kidogokidogo kilometa nzima.

Akishakujibu, tazama rangi imekaaje. Bluu iliyoenea sawasawa mzunguko mzima, pande zote mbili, mara nyingi ni matumizi: mlima, mzigo, mguu. Upande mmoja ukiwa na rangi kuliko mwingine, shuku kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi: pistoni yake imegoma kurudi au pini za kutelezea zimekauka, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Mabaka ya hapa na pale, dereva akilalamika kwamba mkono wa breki unadunda, hayo ni masalia ya pedi yaliyoganda juu ya diski au diski iliyopinda. Na ile kahawia ya asubuhi baada ya ukungu wa Rungwe ni kutu tu kwenye diski za bei nafuu, breki mbili tatu inafutika. Nimeshaona mwanafunzi anafungua kalipa kwa sababu ya kutu ya usiku mmoja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji spana moja. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, legeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, kitambaa kikiwa chini yake. Gurudumu likifunguka ghafla, presha ilinaswa huko juu: masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki, au mpira wa kupitishia mafuta uliovimba kwa ndani ukapitisha mafuta kwenda ukagoma kurudisha. Likibaki zito vilevile, tatizo liko kwenye kalipa yenyewe. Jaribio hili limeniokoa kununua vitu ambavyo havikuharibika, na linamnyamazisha mteja anayedhani unabahatisha. Kaza nati tena, kisha pampu upya kabla hajaondoka.

Presha ikiwa imenaswa juu, fungua kifuniko cha masta, bonyeza mkono wa breki polepole. Unatakiwa kuona kijimkondo kidogo cha mafuta kikiruka. Kisiporuka, kile kitundu cha kurudishia kimeziba, au mkono umefungwa vibaya kiasi kwamba pistoni hairudi mpaka mwisho wake. Fundi mwingine hujaza kikombe cha mafuta cha masta mpaka mdomoni ili "pasipungue", mafuta yakipata moto yakatanuka yanakosa pa kwenda, breki inajibana yenyewe.

Kalipa usiioshe kwa petroli wala kwa mafuta ya taa. Najua ndicho kilichopo kwenye kopo letu, lakini mipira ya ndani huvimba, na pistoni uliyokuja kuifungua unaifunga zaidi. Tumia mafuta mapya ya breki au spiriti. Pini zipake grisi ya breki, si ile ya bearing.

Yule wa matuta ya viazi alipatwa na nini hasa? Mafuta yalichemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hapa kwetu unyevu haukosekani. Mafuta yenye alama ya DOT 3 kwenye kopo, yakiwa mapya, yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki, ndiyo maana mkono ulizama. Mkono ukiwa mgumu lakini pikipiki haisimami, hilo ni jingine: pedi zimeungua zimekuwa laini kama kioo. Badilisha mafuta kila miaka miwili, kwa bodaboda wa milimani mapema zaidi, na kwenye kopo lililokaa wazi rafuni usichote hata tone.

Diski ya bluu haitupwi kwa sababu ya bluu. Ipime unene kwa vernia, kile kipimo cha milimita chenye taya. Unene wa mwisho mara nyingi umechongwa ubavuni, MIN TH na namba ya milimita. Ikipungua hapo, ikiwa na ufa unaoanzia kwenye tundu, au imepinda, itoe bila mjadala. Na mkataze dereva kupeleka pikipiki kwa waosha pikipiki mtoni akiwa ametoka kushuka mlima. Maji baridi juu ya chuma cha moto ni njia rahisi ya kuipinda.

Nikishamaliza, nachora mstari kwa makapeni kwenye mkono wa diski pale ukingo wa rangi unapoishia, mahali pedi hazifiki, na napiga picha kwa simu. Mteja akiuliza kwa nini sijaiondoa ile bluu, namwambia arudi baada ya wiki tuangalie kama imevuka mstari.