Kwa Wanaoanza Kazi na Watoto wa Mtaani Malindi

Ukifika Malindi kuanza kazi ya ustawi wa jamii, iwe umetoka Nairobi au umekuja kutoka ng'ambo kwa mafunzo ya vitendo, watoto utakaowaona mapema ni wale wa sokoni na kwenye steji ya matatu, wenye magunia ya chuma chakavu na chupa za plastiki mgongoni. Nakuomba wiki mbili za kwanza usimwahidi yeyote kati yao kitu chochote. Tembea nao, uyajue majina yao, ujue wanalala kwenye baraza ya duka lipi na ni nani anayewapimia chuma chao bila kuwapunja. Usiwaite chokoraa, hata kama mji mzima unawaita hivyo, kwani ndani ya neno hilo wao husikia kuchokora taka, na huwauma.

Utagundua upesi kwamba wengi hawalali nje. Hushinda mjini wakibeba mizigo au kuomba, na jioni hurudi Maweni au Kisumu Ndogo na shilingi chache za unga. Wachache ndio waliokata mguu kabisa nyumbani. Usiwachanganye, kwa sababu wa kwanza anahitaji mama yake asaidiwe ili yeye arudi darasani, na wa pili anahitaji kwanza mtu mzima atakayemwamini. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maelezo yake ya jumla namba 21 ya mwaka 2017, iliwaweka wote hawa chini ya ulinzi mmoja, wanaolala nje na wanaoshinda tu mtaani, ila namna ya kumsaidia kila mmoja ni lazima uitafute mwenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilimrudisha kwao, upande wa Marafa, mvulana wa takriban miaka kumi na mmoja. Tulimpeleka kwa gari, tukaacha mfuko wa unga na sare mpya, nami nikaandika kwenye faili kwamba amerejeshwa kwa familia. Siku tisa baadaye nilimkuta sokoni akiwa na shati lile lile la sare, vifungo viwili havipo, chupa ya gundi imefichwa ndani ya mkono wa shati. Sikumnyang'anya, na wewe usimnyang'anye mtoto gundi hadharani: inamsahaulisha njaa na baridi ya usiku, na ukiichukua bila kumpa kitu badala yake atakukimbia tu. Nilirudi Marafa peke yangu. Bibi yake alinikaribisha mkekani, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mlimleta mchana mkaondoka kabla ya kula. Hamkuuliza atalala wapi." Nyumba yake ya udongo ilikuwa imeanguka upande mmoja wakati wa mvua, na ndani palibaki nafasi ya kitanda chake tu. Ilituchukua miezi mitano, pamoja na mzee wa mtaa, mjomba wa mtoto na mafungu ya makuti, kabla hajarudi na kukaa. Tangu hapo sijamrejesha mtoto bila kuketi kwanza pale atakapolala.

Mji wetu umezoea wageni, hasa Waitaliano, na wengi wana moyo wa kutoa. Mara nyingi wanachotaka kujenga ni kituo cha watoto. Waeleze kwa heshima kwamba Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inakataa umaskini peke yake kuwa sababu ya kumtenga mtoto na jamaa zake, na kwamba Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, kisha ikaweka mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Fedha hiyo iezeke nyumba ya bibi. Pale ambapo wazazi hawapo kabisa, Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua pia kafala, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto aliyekosa wazazi, malezi ambayo familia za Kiislamu za pwani zinayajua tangu zamani. Mahali pengi imamu wa msikiti atakusaidia kuliko ofisi. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, piga 116, ni bure. Picha usipige kabisa, hata mtoto akikuomba.

Kwenu mnaokuja kwa miezi mitatu: mtoto wa mtaani amekwisha kuachwa na wengi, nanyi msiwe wengine wa kutoweka. Mwambie siku ya kwanza utaondoka lini. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo, mpeleke kwa atakayepokea faili lake, mketi watatu, asikie kwa masikio yake kama mwenzako anaweza kulitaja jina lake bila kusoma.