Maswali ya wasomaji: mtambo wa kahawa, ukomo wa madeni na kihamba cha mzee

SWALI: Ndugu mhariri, tuko wakulima 34 wa arabika huku Rombo. Kila mmoja anamenya kahawa nyumbani kwa mashine yake ya mkono, ubora haulingani, na mnadani tunaambulia bei ya chini. Tunataka kusajili AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao), tukope benki tununue mtambo wa pamoja. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni kwa kuhesabu kahawa yenu kabla hamjaulizia bei ya mtambo. Fungueni daftari: kila mmoja ana miti mingapi inayozaa, na alivuna kilo ngapi katika misimu mitatu iliyopita. Tuchukue mfano wa miti 300 kwa mkulima, kilo moja na nusu ya kahawa mbivu kwa mti. Shamba lililozeeka ni shida kuzidi hapo. Wote 34 mna kilo 15,300 za mbivu. Kilo sita za mbivu hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi (iliyokwisha kukobolewa), kwa hiyo msimu mzima mna kama kilo 2,550, yaani magunia 42 ya kilo 60. Mzigo huo hauhitaji mtambo mkubwa. Juma la kilele likileta asilimia 15 ya mavuno, ni kilo 2,300. Mkizipokea kwa siku mbili, mashine ya kumenya kilo 500 kwa saa inamaliza zamu ya siku kwa saa mbili na nusu.

Meza ndizo hukwamisha, na maandiko mengi ya mradi huzisahau. Kilo 2,300 za mbivu zikimenywa, zikavundikwa na kuoshwa, huacha karibu kilo 1,000 za kahawa yenye ganda la ndani ikiwa bado mbichi. Hiyo hukaa juani siku 10 hadi 14 mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Maana yake mzigo wa majuma mawili uko mezani kwa wakati mmoja. Kwa kilo 15 kila mita ya mraba, mnahitaji kama mita 135: meza tano za upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 20, pamoja na turubai za kufunikia mvua. Mkijenga meza mbili kwa kubana matumizi, kahawa italundikwa, itachacha tena, na mwonjaji atanusa uvundo mara moja. Hapo hamna tofauti na mlikotoka.

Sasa fedha. Mwanachama akileta mbivu anataka malipo ya awali siku hiyohiyo, ilhali fedha za mnada zinaweza kuchukua majuma sita au zaidi. Tuseme mnalipa shilingi 800 kwa kilo (bei ya mfano tu, yenu itafuata soko). Ikiwa asilimia 60 ya mavuno inaingia ndani ya majuma hayo sita, mnahitaji kama milioni 7.3 za kukusanyia kahawa kabla hata senti moja haijarudi. Mkikopa za mtambo peke yake, ifikapo kilele sanduku litakuwa tupu, wanachama watamuuzia mlanguzi mwenye fedha mkononi, na mtambo utakaa bila kazi huku marejesho yakidaiwa. Basi andiko liombe mikopo miwili: wa muda mrefu kwa mashine, meza na mashimo ya maji machafu (yawe mbali na mto), na wa msimu kwa ununuzi. Kataeni marejesho ya kila mwezi. Kahawa haitoi fedha Aprili.

Usajili unafuata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Idadi yenu inatosha, maana chama cha msingi cha kilimo huanzia watu 20. Mtafanya mkutano wa waanzilishi, mtatayarisha masharti ya chama na andiko la uhai wa kiuchumi, kisha mtaomba kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kupitia kwa ofisa ushirika wa wilaya. Kama kijiji tayari kina AMCOS, muulizeni ofisa huyo mapema. Mara nyingi ni nafuu kuingia humo na kuomba kituo chenu cha kumenyea kuliko kugawana kilo hizohizo kwa vyama viwili, kila kimoja na katibu wake wa kulipwa.

Jambo moja huwashtua wengi wakiwa tayari mlangoni mwa benki: chama hakikopi kwa uamuzi wa bodi tu. Mkutano mkuu hupitisha ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaweza kukopa, na Mrajis lazima auidhinishe. Benki itataka muhtasari wenye sahihi, kibali hicho na hesabu zilizokaguliwa. Msimu wa mbivu huanza kama Julai, kwa hiyo mkutano ufanyike mwanzoni mwa mwaka. Mkiitisha Juni mmekwisha kuchelewa.

SWALI: Je, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haiwezi kutununulia kahawa? (Kikundi cha akina mama, Moshi Vijijini)

JIBU: Mikopo hiyo, inayotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haina riba na hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hupewa kikundi kilichosajiliwa. Inafaa sana kwa meza, miche au mashine ndogo. Msiitegemee kwa kununua kahawa, kwa sababu hamna uhakika wa tarehe ya kuingia, na kahawa mbivu haingoji hata usiku mmoja.

SWALI: Shikamoo mhariri. Baba ana miaka 78. Kihamba, yaani shamba letu la ukoo, ni ekari moja na nusu, miti ya kahawa 400, na migomba. Tuko sita, wanne wako Dar es Salaam, dada yuko Arusha, mimi ndiye ninayelima. Tufanyeje tusije tukagombana?

JIBU: Marahaba. Tenganisheni mambo manne ambayo familia huyachanganya: ardhi, miti, uanachama wa AMCOS na madeni ya pembejeo. Kila moja lina karatasi yake.

Mkigawa sawa kwa sita, kila mmoja anapata robo ekari na miti 66. Hiyo ni kilo 100 za mbivu, au 17 za safi kwa mwaka. Hakuna atakayepanda basi kutoka Dar kuja kupogoa kwa ajili ya kilo 17, na miti isiyopogolewa wala kupuliziwa huwa kitalu cha chulebuni (ugonjwa unaoozesha kahawa changa) kwa shamba la jirani. Ushauri wetu: kihamba kibaki kizima, alime mmoja, wengine wafidiwe. Fidia iandikwe kama sehemu ya mauzo, tuseme theluthi moja ya malipo ya kahawa kwa miaka kumi, badala ya kiasi maalumu cha shilingi ambacho bei ikianguka kitakushinda. Gharama za pembejeo zitolewe kwanza, na hilo nalo liandikwe, maana ugomvi huanzia hapo.

Desturi ya Uchaggani humwachia kitinda mimba wa kiume nyumba ya baba. Inaweza kuheshimiwa, lakini dada yenu msimruke: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Makubaliano yaliyomwacha nje yanaweza kuvunjwa barazani.

Njia salama zaidi ni mzee akabidhi akiwa hai. Aombe hati ya hakimiliki ya kimila kama hana, kisha uhamisho upitie Halmashauri ya Kijiji, mama na ndugu wote wakiwepo. Akipendelea wosia, kwa wanaofuata sheria za kimila uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, pamoja na mkewe. Kama mzee hajui kusoma, mashahidi ni wanne. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia kwa kuhifadhi.

Kwenye AMCOS, mzee ajaze jina la mrithi katika daftari la wanachama, nawe ulipe kiingilio na hisa zako sasa, uwe na namba yako. Usije ukaendelea kupeleka kahawa kwa namba ya marehemu. Malipo ya pili, yale ya baada ya mnada, yataingia akaunti ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, naye ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Deni la pembejeo la mzee litaingia kwenye orodha hiyo, kwa hiyo chukueni taarifa yake chamani mapema.

Kuhusu miti: kama imezeeka, ng'oeni robo kila mwaka na kupanda miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani kutoka TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa), Lyamungu. Miche huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, kwa hiyo theluthi ya fidia ihesabiwe kwa mavuno yaliyopo. Waelezeni ndugu wa Dar kabla shoka halijaingia shambani.