Hema la watu wawili: pesa yako ianzie kwenye fito

Maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya safari za miguu

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi na mdogo wangu tunaishi Tabata na tumeanza kupenda safari za milimani. Tunataka kupanda treni ya SGR hadi Morogoro tukalale siku mbili Uluguru, kisha Novemba tutembee Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae. Kariakoo tumeonyeshwa hema la "watu wawili" lenye kilo 4, bei yake ya chini sana. Mtandaoni kuna lingine la kilo 1.8, bei karibu mara tatu. Tuna shilingi 350,000, basi. Je, hizo kilo mbili zina maana, au tunalipia jina tu?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Ndugu yetu wa Tabata, kilo mbili zina maana, lakini si zenyewe zinazolifanya hema la bei ya chini kuwa baya. Mkigawana, mmoja akabeba turubai la nje na vigingi, mwingine chumba cha ndani na fito, kilo 4 zinakuwa 2 kila mgongo. Zinabebeka. Ubaya uko kwenye vitu viwili ambavyo muuzaji huwa havitaji: fito na ukubwa wa turubai la nje.

Tuanze na fito. Mahema mengi ya bei ya chini yana fito za faibaglasi. Faibaglasi haitoi onyo. Hupasuka kwa urefu kama muwa uliokanyagwa, mara nyingi kuanzia kwenye ncha inayoingia ndani ya kikopo cha chuma, na vibanzi vyake huingia vidoleni kama miiba. Alumini hupinda kwanza. Ufito uliopinda unaunyoosha taratibu kwa mikono, nao unaweza kumaliza safari. Tafuteni alumini iliyoandikwa 7001 au 7075 (namba za aina ya alumini), yenye kipenyo cha kama milimita 8.5. Kama maelezo hayataji fito ni za nini, chukulieni kuwa ni faibaglasi. Dukani angalieni ncha ya ufito: alumini ni bomba lenye ukuta mwembamba, faibaglasi ina ukuta mnene na tundu dogo katikati.

Hema lolote mtakalochukua, bebeni kipande cha bomba la alumini cha sentimita 12 hivi, kipana kidogo kuliko ufito, pamoja na utepe wa gundi uliozungushwa kwenye chupa ya maji. Ufito ukivunjika, telezesha bomba hadi likae juu ya jeraha, funga ncha zote mbili kwa utepe, endelea kulala.

Turubai la nje ndilo la pili. Mahema mengi ya kilo 4 ya Kariakoo yana turubai dogo lililokaa juu kama kofia, na kuta za chini zimeachwa na kitambaa kimoja tu. Bustanini halina neno. Usambara mwezi Novemba mtakuwa ndani ya vuli, na mvua ya mlimani huja na upepo, kwa hiyo hupiga ubavuni. Turubai linalofaa hushuka pande zote mpaka kiganja kimoja kutoka ardhini, likiacha upenyo kati yake na chumba cha ndani. Mbele ya mlango libaki na baraza ya kuwekea viatu na mabegi, maana mabegi mawili yakiingia ndani, mmoja wenu atalala amekunja magoti.

Hapo tunafika kwenye neno "watu wawili". Kiwandani maana yake ni magodoro mawili membamba yaliyobanwa bega kwa bega. Godoro la kawaida la safari lina upana wa sentimita 51, mawili ni 102. Godoro pana ni sentimita 63 hivi, mawili ni 126, na hapo hema lenye sakafu ya sentimita 125 limeshashindwa. Ulizeni pia upana wa upande wa miguu, maana mahema mengi mepesi hupungua huko. Urefu wa sakafu uwe sentimita 210 angalau. Aliyevuka sentimita 180 atafute 220, kwa sababu kuta zimelala na paji la uso hugusa kitambaa kabla ya kichwa kufika mwisho wa sakafu. Kwa kimo cha hema, kaa chini sebuleni, mwenzio apime kutoka sakafuni hadi utosini. Ongeza kiganja. Kipimo hicho kina faida kuliko picha zote za mtandaoni.

Mtaona pia namba za maji: 1,500, 2,000, 3,000, zote kwa milimita. Hicho ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa turubai la nje 1,500 hadi 2,000 zinatosha kwa mvua zetu. Sakafu inahitaji zaidi, 3,000 hivi, kwa sababu goti lako juu ya ardhi iliyolowa hukandamiza maji kwa nguvu kuliko mvua inavyodondoka. Msidanganyike na namba kubwa sana; hema huvuja kwenye mshono kabla ya kitambaa. Geuzeni turubai ndani nje mkague: kila mshono uwe na utepe angavu uliobandikwa kwa joto, bila sehemu iliyoinuka.

Kwenye kitambaa tuna msimamo wetu, na wapo watakaotupinga. Hema lile lile mara nyingi huuzwa kwa vitambaa viwili: nailoni ya denia 20 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) iliyopakwa silikoni, na poliesta nzito kidogo iliyoandikwa 210T (namba ya wingi wa nyuzi). Nailoni ni nyepesi na bei yake iko juu. Lakini nailoni hunyonya maji na kulegea, kwa hiyo saa mbili usiku mvua ikinyesha lazima mtu atoke kukaza kamba. Poliesta hailegei hivyo, na hustahimili jua vizuri zaidi. Kwa jua letu la karibu na ikweta, na kwa mfuko wenu, chukueni poliesta na mkubali gramu 300 za ziada.

Mifano ya kulinganishia ni hii. Cloud Up 2 ya kampuni ya Naturehike, toleo la poliesta, ina takriban kilo 1.8, fito za alumini, sakafu ya sentimita 210 kwa 125, na mlango mmoja upande wa kichwa. Ni nzuri kwa wawili wanaojuana. Anayetaka kutoka usiku hupita karibu na uso wa mwenzake. Upande wa miguu haijisimamii, lazima ishikwe na vigingi. Mongar 2 ya kampuni hiyo hiyo ina milango miwili na sakafu pana, sentimita 135, kwa uzito wa kilo 2 na kidogo. Kwa ndugu wawili tungechagua hiyo ya pili kama pesa inafika. Lanshan 2 ya kampuni ya 3F UL ina kilo 1.1 hivi, lakini haina fito zake: husimama juu ya fimbo mbili za kutembelea na kwa nguvu ya vigingi. Kama hamtumii fimbo, wepesi huo haupo.

Mahema ya aina hizi, ukiacha matoleo ya gharama zaidi, nje huuzwa kwa takriban dola 100 hadi 150. Hiyo siyo bei ya kufika Tabata. Ongezeni usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hamjalipa, na ulizeni kama mzigo utatolewa bandarini au uwanja wa ndege na nani. Shilingi 350,000 zinaweza kutosha kwa shida. Ikizidi, msirudi kwenye faibaglasi. Someni jibu linalofuata.

Kitu kimoja zaidi: uzito unaotangazwa. Wauzaji wengine huandika uzito wa hema bila vigingi, kamba na mifuko, na tofauti yaweza kuwa gramu 200 hadi 400. Likifika, lining'inizeni kwenye mzani wa muuza samaki mjue ukweli.

SWALI: Soko la mitumba la Karume nimekuta mahema ya Ulaya, mazuri kwa macho. Muuzaji hataki nilisimamishe pale. Nikague nini?
*Kaka wa Ilala*

JIBU: Kaka, pua kwanza. Ingiza uso ndani ya turubai. Likinuka uchachu kama matapishi, liache hata kwa bure. Harufu hiyo ni ya utando wa poliurethani unaozuia maji. Joto na unyevunyevu vimeuozesha. Pitisha kiganja upande wa ndani: ukinata, au ukitoa magamba meupe kama ngozi iliyobabuka jua, umekwisha, na hakuna fundi wa kuurudisha. Mahema mengi ya mitumba hufia hapo, na yetu wenyewe hufia hapo pia tukiyafungia yakiwa mabichi.

Kisha jua. Tafuta sehemu ya juu kabisa ya turubai, linganisha rangi yake na ile iliyofichwa chini ya mshono. Kama imepauka sana, shika kitambaa kwa vidole gumba viwili na uvute kwa nguvu. Kilichochoka hupasuka kama karatasi.

Kama hakuruhusu kulisimamisha, mwombe akuruhusu kuunganisha fito tu. Hesabu vipande, angalia kama kuna kilichopungua, kila ncha ipite mikononi mwako. Mpira unaopita ndani ya fito ukilegea si tatizo. Mpira mpya wa milimita 2.5 au 3 unapitishwa kwa robo saa. Ufito mmoja unaokosekana ni tatizo kubwa, kwa sababu kuupata wenye urefu na mkunjo ule ni bahati.

Zipu ifunge na uifungue mara tano. Ikiachia nyuma ya kitelezi, meno hayajafa: kitelezi kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, kushoto na kulia kwa zamu, ukijaribu kila baada ya kubana. Ukibana kwa pupa kinavunjika. Matundu ya chandarua fundi cherehani anayaziba kwa kiraka, na uyazibe yote, maana mbu wa Morogoro hahitaji mlango mkubwa.

SWALI: Shikamooni. Tulilala Lushoto Juni, haikunyesha hata tone, lakini asubuhi turubai lilikuwa linatudondoshea maji. Hema ni jipya. Je, nirudishe dukani?
*Mwanafunzi, Mlimani*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Usirudishe. Maji hayo yalitoka mapafuni mwenu. Pumzi ya watu wawili ina mvuke, usiku wa Juni Lushoto turubai hupoa, na mvuke ukiligusa hugeuka matone. Hema linalovuja hudondosha sehemu moja, au kwa mstari unaofuata mshono. Lenu lililowa sawasawa kote, hiyo ndiyo alama.

Acheni matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi, na sehemu ya juu ya zipu ya mlango wa nje ibaki imefunguliwa kiganja kimoja. Kazeni turubai lisiguse chumba cha ndani. Msisimamishe hema bondeni wala kando ya mto, ambako hewa baridi na unyevu hujikusanya usiku; pandeni mita chache, na chini ya miti turubai halipoi sana (angalieni tu matawi makavu juu yenu). Nguo mbichi zilale barazani. Asubuhi futeni kwa kitambaa kabla ya kukunja.

Mkifika Dar, siku hiyo hiyo, lianikeni kivulini mpaka mishono ikauke, kisha mlihifadhi limelegea ndani ya mfuko wa pamba au kiroba, siyo kwenye kifuko chake kilichobana. Chumba chenye joto la Februari na hema bichi ndani yake hutoa ile harufu tuliyoitaja kwa kaka wa Ilala.

SWALI: Tunalala ufukweni Kigamboni na vigingi vinang'oka usiku. Tununue virefu zaidi?
*Msomaji, Kurasini*

JIBU: Mchanga mkavu hauna wa kumshika, hata kigingi kiwe kirefu vipi. Jazeni mchanga kwenye vifuko vya kitambaa au vipande vya kiroba, kila kimoja kiasi cha kilo 2 au 3, fungeni kamba ya hema katikati yake, mkifukie sentimita 30 na mkanyage juu. Upande unaotazama upepo wa bahari wekeni viwili.

Kwa ardhi ya kawaida, vile vigingi vya waya vinavyokuja na hema hupinda kwenye jiwe la kwanza. Vya alumini vyenye umbo la Y, sentimita 18, vina gramu 14 hivi kila kimoja, kwa hiyo vinane ni gramu 112. Wengine hukata nondo ya milimita 6. Ni imara, lakini vinane vya sentimita 20 ni gramu 355. Kwa gari sawa, kwa mgongo hapana.

SWALI: Nataka hema jepesi la kupandia Kilimanjaro. Mnashauri lipi?
*Dada wa Mbezi*

JIBU: Dada, usinunue. Kilimanjaro haupandwi bila kampuni na mwongoza watalii aliyesajiliwa, na kwa kawaida mahema yamo ndani ya bei yao, yanabebwa na wapagazi. Ukipita njia ya Marangu utalala kwenye vibanda. Pesa hiyo itie kwenye mfuko wa kulalia na viatu, na kabla ya kulipa kampuni, iombe picha ya hema utakalolala, uangalie kama turubai linashuka mpaka chini.