Simu ikichukuliwa, karatasi ibaki

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Askari akikutaka uifungue simu yako, unalazimika? Na kwa nini wananchi wengi hawana imani naye anapoomba?" Najibu kutoka Kigoma, nikiwafikiria watu wa hapa: mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, kijana wa bodaboda wa Mwanga, mama wa Ujiji anayetumiwa hela na mwanawe kwa simu.

Jibu la swali la kwanza ni hili. Bila amri, hulazimiki. Amri ikiwapo, kukataa kunaweza kuwa kosa jingine juu ya lile unalotuhumiwa.

Wengi hudhani polisi ni lazima apite kwanza kwa hakimu. Sivyo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake, lakini ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria itungwe kuweka utaratibu wa kuiingilia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, ndiyo iliyouweka kwa upande wa simu na kompyuta. Kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa hadhi inayolingana naye, uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa kama ana sababu za msingi za kuamini kuwa kina ushahidi wa kosa au kimepatikana kwa kosa. Kifungu cha 32 kinamruhusu kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe. Hakimu anahitajika kwa mambo mengine, kama polisi wanapotaka kutumia zana maalumu za uchunguzi wa kifaa, ambazo ziko kifungu cha 37.

Kwangu mimi mzizi wa kutoaminiana uko hapo. Anayepeleleza na anayeruhusu upekuzi wanakaa jengo moja na wanakula chai pamoja. Hata mkuu wa kituo awe mwadilifu namna gani, mwananchi haoni mtu wa tatu aliyepima kama sababu inatosha. Na mwananchi huyo huyo ameshaona intaneti ikizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025. Ukimwambia "tuamini", anauliza kwa lipi.

Sasa kifungu cha 22, ambacho watu hukifahamu wakiwa wameshachelewa. Kinahusu kuzuia upelelezi. Ukifuta, ukificha au ukibadili data kwa nia ya kukwamisha uchunguzi, au ukikataa kutii amri iliyotolewa chini ya sheria hiyo, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Waendeshaji wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, walipofikishwa mahakamani Desemba 2016 baada ya kutotoa taarifa za watumiaji wao, waliandamwa na shitaka la namna hiyo. Kwa hiyo yule rafiki anayekwambia "futa kila kitu haraka, wanakuja" anakuingiza shimoni. Usifute, usiipeleke kwa fundi akaiflashi, usiitupe ziwani. Simu iliyofutwa saa moja kabla ya upekuzi inasomeka vibaya kuliko meseji yoyote iliyokuwamo.

Lakini tulishike neno "amri". Inatoka kwa mkuu wa kituo. Askari wa doria barabarani hawezi kuitoa mwenyewe, wala mgambo wa sokoni, wala mjumbe wa shina. Askari anaweza kukusimamisha akitaka kujua kama simu uliyoshika ni ya wizi, na hilo ni haki yake kulichunguza. Ila swali hilo linamalizwa kwa kubonyeza *#06#: inatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 (simu ya laini mbili huleta namba mbili), unailinganisha na ile ya kwenye boksi au risiti. Hakuna sababu ya kuingia WhatsApp ili kujua simu ni ya nani. Akitaka kuingia, jibu kwa sauti ya kawaida: "Afande, naomba kujua jina lako na kituo chako, na kama kuna amri ya kupekua simu hii. Kama ipo, twende kituoni nitaifuata." Usimnyang'anye na usimkimbie; kumsukuma askari ni kosa linalojitegemea, na likishatokea hoja yako ya faragha haisikiki tena.

Simu ikichukuliwa, dai karatasi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari aliyechukua kitu katika upekuzi atoe hati ya kukiri kukichukua, yenye saini ya mwenye mali au aliyekuwa nacho au ndugu yake wa karibu, na saini za mashahidi kama wapo. Watu husaini wakitetemeka bila kusoma. Isome. Hati inayosema "simu moja nyeusi" haina maana, kwa sababu simu nyeusi ziko maelfu. Inatakiwa iandikwe aina na modeli, IMEI zote, laini zilizomo na namba zake, kadi ya kumbukumbu kama ipo na ukubwa wake, hali ya kioo, kama imewashwa au imezimwa, tarehe, saa na mahali. Kioo kikiwa na ufa upande wa juu kulia, uandikwe ufa huo. Ukiambiwa fomu haina nafasi, andika chini ya saini yako kwa kalamu yako. Kama si sahihi, andika kwamba si sahihi kabla ya kusaini.

Kwa nini ing'ang'aniwe hivyo? Kwa sababu simu inaweza kuongezewa kitu ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, na kupunguziwa pia. Mahakama ya Rufani katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilieleza kwamba kielelezo lazima kiwe na mlolongo wa kumbukumbu: nani alikikamata, nani akakitunza, kikahamia kwa nani, nani alikichunguza, kikaishia wapi. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama haukuguswa. Mlolongo huo unaanzia kwenye ile karatasi. Ikikosekana, wakili wako ana pa kushika, na askari mwema naye hana pa kujitetea akituhumiwa. Ndiyo maana nasema karatasi hii inamlinda hata polisi.

Upekuzi wa nyumbani kwa hati ya mahakama hufanyika kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Ipo pia nafasi ya upekuzi wa dharura, na hutumiwa kupita kiasi. Omba mwenyekiti wa mtaa au jirani awepo na ashuhudie tangu mlango unapofunguliwa. Shahidi anayeitwa mwishoni kuja kusaini tu hakuona kitu.

Ukiwa umekamatwa, muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4, nao unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Kabla ya maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayokuandika ukiwa mtuhumiwa, unapaswa kuambiwa kosa lako, na kwamba hulazimiki kusema, na upewe nafasi ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaidizi wa kisheria; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.

Kuna upande ambao mjadala huu huusahau, nao ndio unaoniuma zaidi. Kutoaminiana huku kunamgharimu zaidi aliyeibiwa au kudhalilishwa kuliko mhalifu. Binti anatishiwa na mtu kwamba picha zake zitasambazwa asipotuma hela. Anajua akienda kituoni ataambiwa "lete simu", na simu hiyo itapitishwa kaunta ikitazamwa na watu watatu. Basi analipa, kisha analipa tena.

Kwa mtu wa hali hiyo njia ipo. Kwanza, asifute chochote wala asimzuie yule mtu kabla hajahifadhi mazungumzo. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, zikifuatana bila kuruka. Kwenye WhatsApp afungue soga hiyo moja tu na kuihamisha kama faili, kisha achapishe nakala mbili. Kama hela ilitumwa, meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu iwemo. Aende Dawati la Jinsia na Watoto, akiongozana na mtu mzima anayemwamini, na akabidhi karatasi kwanza. Mpelelezi atataka kuona chanzo, na ana haki, kwa kuwa picha ya skrini peke yake ni rahisi kubishiwa. Hapo simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, isitoke hadi namba ya siri iingizwe. Huwashwa kwenye mipangilio ya usalama. Amwonyeshe soga hiyo, simu ikibaki mkononi mwake. Ikibidi iachwe kituoni, tunarudi kwenye hati. Na asiondoke bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo.

Jambo la pili ambalo Kigoma lina uzito wake ni laini za majina ya watu. Tangu usajili kwa alama za vidole uwe lazima na laini zisizosajiliwa zianze kufungwa Januari 2020, namba ya NIDA imekuwa mlango wa kila kitu. Mkoa wetu umepakana na Burundi na Kongo, na wako Waha wengi, wazaliwa wa hapa wa vizazi na vizazi, wanaosumbuliwa na maswali ya uraia kabla ya kupata kitambulisho. Matokeo yake shemeji anamsajilia shemeji na mwajiri anamsajilia kijana wa kazi. Siku laini hiyo ikituma meseji ya utapeli, anayeitwa ni aliyeweka kidole. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko chini ya namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika, si kwa wakala wa mwavuli, uombe iondolewe na upewe uthibitisho. Wakala akikwambia "kidole hakijasoma, rudia", halafu "rudia tena", hakikisha kila mara anasajili namba ile ile. Mara ya pili inaweza kuwa laini ya mtu mwingine kabisa. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

Kampuni ya simu hutunza rekodi za nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na mnara upi ulihudumia. Maneno ya WhatsApp hayamo humo, kwa kuwa husafiri yakiwa yamefungwa tangu simu hadi simu. Meseji za kawaida hazina kinga hiyo. Mnara haukuoneshi uliposimama. Kijijini mmoja huhudumia kilomita nyingi, na ukiwa Kagunga au Manyovu simu yaweza kushika mtandao wa Burundi wakati miguu yako iko Tanzania. Wakili ayajue haya, maana rekodi ya mnara husomwa kortini kana kwamba ni picha yako.

Maandalizi ya siku za kawaida, wakati hakuna anayekutafuta, ni halali na ni machache. Tumia namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi badala ya mchoro, ambao huacha alama ya mafuta kwenye kioo. Alama ya kidole ni nyepesi kwa sababu kidole chako kinaweza kushikwa na kuwekwa; simu ikizimwa na kuwashwa upya, hudai namba ya siri kwanza. Weka PIN kwenye laini yenyewe, hata ya kitochi, ili mtu asiihamishie kwenye simu nyingine na kupokea namba za uthibitisho. Namba ya mwanzo iko kwenye kadi uliyopewa na laini. Ukikosea mara 3 utadaiwa PUK, yaani namba ya kuifungua laini iliyojifunga, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. WhatsApp iwekee uthibitisho wa hatua mbili wenye tarakimu 6. Kama unahifadhi soga zako Google, washa ufungaji wa nakala hiyo, kwani bila hivyo ulinzi wa soga unaishia kwenye simu.

Kuhusu malalamiko: andika barua kwa mkuu wa kituo, nakala kwa kamanda wa polisi wa mkoa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafaa zaidi dhidi ya wakala au kampuni iliyovujisha taarifa zako. Sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeacha misamaha kwa mambo ya upelelezi wa jinai na usalama wa taifa.

Simu ikirudishwa, usisaini kuipokea kabla ya kuiwasha. Linganisha IMEI na hati yako, angalia laini na kadi ya kumbukumbu. Kisha fungua WhatsApp kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu iliyokaa wazi dakika moja mikononi mwa mtu inatosha kuunganisha kompyuta yake na soga zako. Kifaa usichokijua, kipige picha, andika tarehe na saa, ndipo ukiondoe. Badilisha namba za siri zote, ya pesa za simu ikiwa ya kwanza, na hati ya kituo iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.