Nilivyomsamehe mdogo wangu aliyekula zamu yangu

Mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu ulikuwa wa watu 12, kila mmoja 50,000 kwa mwezi. Zamu yangu ilipofika, kijumbe aliyekusanya pesa, mtoto wa mama yangu mdogo, akazima simu. Laki sita zikaenda hivyo. Miezi minane sikutaka hata kusikia jina lake.

"Msamehe tu, ni damu yako," niliambiwa. Nikasamehe mdomoni mara nyingi, moyo ukakataa.

Kilichonisaidia ni muhasaba, yaani kujihesabu nafsi. Baada ya Isha sikuinuka upesi kwenye mswala. Nilikaa kama dakika 10, taa nimezima, nikijisimulia lile jambo tangu mwanzo: alifanya nini, alisema nini. Basi. Usiku wa tatu au wa nne nikagundua kwamba mengi yaliyokuwa yananichoma hakuyatenda yeye. "Anakucheka huyo, shoga," hilo nililetewa na jirani. Nawe anzia hapo: tenga alichokufanyia na ulichoongezewa na watu. Hasira ikipanda, iache ipande, usibishane nayo, itashuka.

Halafu nikaanza kumtazama yeye. Nikakumbuka siku ya mwisho tulipoonana, mlangoni kwake: ndala zimefungwa kwa waya, mtoto mgongoni anahema kwa shida, bahasha ya eksirei kwapani. Vyote vile nilivipita macho, nikamuuliza pesa. Nililia sana usiku ule.

Aya ya 22 ya Suratun Nur naisoma tangu chuoni. Sayyidna Abubakar aliapa kutomsaidia tena Mistah, jamaa yake fukara, kwa kuwa alishiriki kumsingizia Bibi Aisha. Aya ikamuuliza yeye na wenziwe: hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Naye akamrudishia msaada wake. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba msamaha ule ulikuwa chakula cha mtu.

Mchezo sichezi naye tena, na hicho sikiiti kinyongo. Deni pia lipo. Ananilipa 20,000 kila mwezi. Kwa kawaida hutuma kwa simu, lakini Ijumaa iliyopita alikuja mwenyewe, akapiga hodi. Nikamtandikia jamvi, tukanywa chai kwa mkate wa kumimina. Mtoto alilala mapajani mwangu, nikawa nasikiliza anavyohema.