Mdogo wangu huacha dawa kila akipata nafuu

SWALI: Shikamoo, daktari. Mdogo wangu wa kiume, fundi cherehani hapa Morogoro, ana ugonjwa wa baipola, ule wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi, kisha kumshusha hadi kwenye huzuni nzito. Akitoka hospitali humeza dawa kwa miezi kadhaa, lakini akishapata nafuu huziacha. Baadaye usingizi hupotea, hushona hadi alfajiri, hutangaza kwamba atafungua kiwanda, na fedha za wateja huishia kwenye vitambaa visivyohitajika. Mama anasema ni ukaidi. Je, tumlazimishe?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Uchovu wa mama naufahamu, lakini kumwita mwanawe mkaidi ni kumwonea. Wagonjwa wengi wa baipola huacha dawa wakati fulani, nao huwa na sababu ambazo amri haiwezi kuziondoa.

Nafuu yenyewe ni mojawapo. Tumezoea dawa ya malaria, ambayo mtu humaliza dozi na kupona, ilhali dawa za baipola huzuia ugonjwa usirudi, na kwa hiyo humezwa hata wakati mtu anajiona mzima kabisa. Isitoshe, hali ya kupanda huanza kwa utamu: mawazo yanakuja kwa kasi, mwili hauchoki, na baada ya majonzi ya sonona mtu huona amerudishiwa maisha yake. Ikishapamba moto, humwondolea hata uwezo wa kutambua kwamba anaumwa. Ndiyo maana mazungumzo yafanyike sasa, akiwa ametulia.

Ningependa umuulize kwanza kuhusu mikono yake. Dawa za baipola kama lithiamu, na hata valproeti, huweza kuleta mtetemeko, na fundi anayehangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mbele ya mteja ana sababu nzito ya kuificha dawa chini ya godoro. Muulize pia kuhusu kiu, kukojoa mara kwa mara, kunenepa na usingizi wa mchana. Mambo ya unyumba huenda akamweleza daktari peke yake. Mengi kati ya hayo hurekebishika kwa kupunguza dozi, kubadili muda wa kumeza au kubadili dawa. Kama anatumia lithiamu, damu hupimwa baada ya kupita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na kwa wengi kiwango cha dawa kinachotafutwa ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita; figo na tezi ya shingo nazo hukaguliwa. Asiiache ghafla, kwa kuwa ugonjwa hurudi upesi na hatari ya kujiua huongezeka.

Nauli na bei ya dawa zijadiliwe waziwazi nyumbani, kwani kuna wanaoruka dozi kwa kuona haya kuomba fedha.

Kuhusu kumlazimisha, mkubaliane naye mapema, ikiwezekana mbele ya daktari, ni dalili gani zitawaruhusu kumpeleka hospitali hata akikataa. Kukesha akishona kwa usiku mbili mfululizo kungefaa kuwa ya kwanza. Akizungumzia kufa, msisubiri makubaliano yoyote: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.