Jibu langu kutoka Abyei

Wadogo zangu wa Morogoro, mmeniuliza mambo mawili: huku tunapigana na nani, na kama ni kweli kwamba mwangalizi wa amani hurudi nyumbani tajiri. Nitawajibu bila kuficha.

Hatupigani na mtu yeyote. Mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa hatembei na silaha. Hubeba redio ya mawasiliano, ramani na daftari, na wenye bunduki ni askari wa kikosi cha kulinda amani wanaotusindikiza kwenye doria. Abyei ni eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Januari 2011 ili wenyeji waamue wawe upande gani haijafanyika hadi leo. Kiangazi kinapoingia, wafugaji wa Kimisseriya hushuka na ng'ombe kutoka kaskazini kufuata maji ya mto Kiir, katika eneo la Wadinka wa Ngok, na hapo kazi yetu huwa nzito: kusikiliza pande zote mbili, kisha kuandika tulichokiona, si tulichokidhani.

Kuhusu fedha, tunalipwa posho ya kujikimu, na humo humo tunalipia chakula na malazi. Inasaidia sana, wala sitalalamika, lakini si utajiri. Mvua zinapoanza mwezi Mei, udongo mweusi hunasa magurudumu, na safari ya saa moja huweza kumaliza siku nzima tukichimba kwa sepetu.

Wiki iliyopita, mvua ilipokuwa imegusa ardhi kidogo, tuliitwa kwa mzee mmoja Mmisseriya aliyeibiwa ng'ombe. Kwato zilikuwa bado zimechapika kwenye tope, na kando yake nyayo za watu watatu waliovaa viatu vya raba. Mzee alitumiminia chai akasema "sukkar", neno nililolielewa kabla mkalimani hajafungua kinywa, halafu akaniuliza ni lini nitamrudishia mifugo yake. Sina uwezo huo. Niliandika idadi yao na rangi zao, mmoja mmoja, kama alivyozitaja, naye akawa ananitazama mkono ukiandika. Hakuna bunduki iliyowahi kunitisha kama macho yale.

Taarifa imekwisha kufika kwa kamati ya amani ya jamii hizo mbili. Jumatatu, njia ikipitika, tunarudi kwa mzee, nami nitamweleza kwamba ng'ombe wake bado hawajapatikana.